Glasi ya Maji kwa Bibi Harusi

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nyingine mpelekee mkaza mjomba. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi tu. Likishapata joto anatembea kuliko mimi, na kutwa ananikumbusha kwamba kaka yake ni fundi wa kutajwa na mimi hata pasi naunguza nayo nguo. Anakusalimu sana. Anauliza kwa nini hupokei simu. Na mimi nauliza. Wiki hii nimepiga mara nne, inaita mpaka inachoka yenyewe.

Habari kubwa ni hii: nimefungua shule ya udereva. Ndiyo, shule! Mwalimu ni mimi, gari ni Bibi Harusi, darasa ni ule uwanja nyuma ya ghala la mbao. Wanafunzi ninao watano, wa sita bado anajishauri. Kibao nimeandika kwa mkono wangu, herufi zimelala kidogo upande wa kulia lakini zinasomeka.

Sasa Bibi Harusi ananiumbua. Tangu ulipotuletea miaka miwili iliyopita, mweupe, amepigwa rangi upya mpaka mama akampa jina hilo, alikuwa akizima mara moja moja tu. Siku hizi ni kila saa. Asubuhi anawaka vizuri, mwendoni hana neno, lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta tu, kwenye njia panda au kwenye taa, anatetemeka mara mbili tatu, kisha kimya. Akishapata moto ndiyo balaa zaidi. Na wanafunzi wangu wanadhani kosa ni lao! Yuko mmoja, mshonaji, mama mtu mzima wa adabu zake. Gari likizima anauinamia usukani na kusema, "Samahani, samahani," kama aliyemkanyaga mtu mguu. Jana kaniambia, "Mwalimu, mguu wangu una mkosi, nifute kwenye daftari." Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama anajua kuendesha, Mjomba. Asiyejua ni Bibi Harusi.

Tarehe 20 Juni mkaguzi wa shule za udereva anakuja. Gari likimzimikia mbele ya macho yake sipati kibali, na bila kibali hakuna shule. Kazi ya ofisini niliiacha kwa ajili ya hili. Sina pa kurudi, na hata pangekuwepo nisingerudi.

Boneti nimefungua, nimetazama. Ile rangi yako nyekundu juu ya skrubu ya kabureta sijaigusa. Nani ataigusa? Hata mafundi wa huku, wanaokuita Sikio, wanajua kwamba penye tone la rangi yako bisibisi haipiti. Niambie nianzie wapi.

Mpwa wako, mwalimu mkuu


19 Februari

Mwalimu mkuu,

Marahaba mara mbili. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea mkaza mjomba wako akacheka mpaka akashika mbavu. Anasema huyo mshonaji aletwe huku, amfundishe mumewe kuomba samahani. Sisi hatujambo. Gereji inakwenda. Juzi tumeshusha injini ya lori kabla ya saa nne asubuhi, na kama ningewaachia mafundi wangu wangekuwa bado wanatafuta spana. Uzee unabisha hodi kila siku, sijaufungulia.

Habari za simu achana nazo. Simu siku hizi ni kelele tupu, mtu anasema kumi wewe unapata tatu. Barua haina kelele. Andika, nitajibu.

Kumbe umefungua shule bila kuniaga! Nimenuna dakika tano, halafu nikaenda kuwatangazia gereji nzima. Kwa hiyo sasa ni lazima ufaulu, vinginevyo nitahama mji.

Sikiliza. Gari linalokimbia vizuri halafu linazima likisimama, mara nyingi njia zake ndogo zimeziba. Injini ikiwa inanguruma chini, mguu haupo, inakunywa petroli kwa kitundu ambacho hata uzi unapita kwa taabu. Kikiziba, inakufa kwa kiu. Ifungue kabureta juu ya sinia jeupe uone kila kinachodondoka. Toa jeti, vile vishaba vidogo vyenye tundu katikati. Osha kwa petroli safi, puliza kwa pampu ya baiskeli. Usichokonoe kwa waya! Mtu anayechokonoa jeti kwa waya hafai kupewa hata toroli. Rudisha kila kitu kama ulivyokikuta, kisha uniandikie.

Ile rangi usiiguse. Nilipoiweka mimi ndipo penyewe. Miaka arobaini hawakuniita Sikio kwa sababu masikio yangu ni makubwa. Gari lilikuwa likipinda kona ya sokoni, mimi niko chini ya jingine, namwambia mwenyewe kabla hajashuka ni plagi ipi imekufa. Msalimie dada yangu. Mwambie goti apake mafuta ya moto, si ya injini.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema mzaha wako wa mafuta haukumchekesha, lakini nilimsikia akiurudia kwa jirani. Huku mvua imeanza, uwanja wangu umekuwa tope, tunajifunzia kwenye barabara ya ghala saa ambazo malori hayapo.

Nimeifungua kabureta! Mwenyewe! Juu ya sinia la mama la harusi, na hilo tafadhali lisifike masikioni mwake kwa njia yako. Nimeosha, nimepuliza, jeti zimetoka zinang'aa. Kulikuwa na uchafu mweusi chini ya bakuli lake la petroli, mwingi wa kujaza kijiko cha chai. Katika kurudisha, springi moja ndogo iliruka ikapotea. Mimi na mama tulitambaa sakafuni robo tatu ya saa, goti na kila kitu, tukaikuta ndani ya kiatu chake. Akaishika juu akasema, "Na kaka yangu analishwa na vitu hivi?"

Siku mbili Bibi Harusi alikuwa malaika. Siku ya tatu akarudia yaleyale. Tena kwenye taa, tena mbele ya basi, tena mshonaji akiwa kwenye usukani. Sasa hata haombi samahani, anainua mikono juu kama aliyekamatwa. Yule wa sita amekwenda shule ya ng'ambo ya reli, ina magari mapya matatu. Aende salama. Mimi gari langu moja litawashinda yote matatu, subiri tu.

Nimepata wazo. Nimerekodi mngurumo wake dakika nzima, toka anapowaka mpaka anapozima, nikamtumia mkaza mjomba kwenye simu yake. Wewe usikilize tu, uniambie. Hiyo kwako ni kazi ya kumaliza ukiwa unakunywa chai.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa kabureta. Springi kupotea ni kawaida, mimi yangu ya kwanza niliimeza. Mkaza mjomba wako mafua yamempata, yamemwacha. Mvua hapa pia, paa la gereji linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Ile sauti imefika. Mkaza mjomba wako aliniwekea. Lakini sauti ya kwenye simu si sauti, huwezi kuonja mchuzi kwa kutazama picha. Nieleze kwa maneno. Nataka mambo mawili. La kwanza, toa plagi uniambie rangi yake. La pili, zunguka kabureta injini ikiwa inawaka, tega sikio karibu na kila kimpira kinachopitisha hewa. Pengine pana ufa, unanyonya hewa ya wizi. Ufa wa namna hiyo hupiga mluzi. Mchukue na mama yako. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akisikia baba anafungua geti, sisi wengine tunakamatwa.

Rangi ibaki ilivyo. Muda upo. Mkaguzi mwenyewe ni binadamu anayependa gari linalonguruma vizuri, nasi tutampa.

Mjomba wako

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako, naiba nafasi kabla hajafunga bahasha. Usimpigie simu tena, mwandikie. Barua zako anaziweka mfukoni mwa ovaroli na kuzisoma mpaka zinapata mafuta.


20 Aprili

Mjomba Sikio, fundi wa mafundi,

Shikamoo! Mama mzima, goti limetulia, sasa analalamikia bega ili tusichoke. Wanafunzi wamekuwa saba. Mshonaji kanishonea mto wa kiti cha dereva, maana anasema mwalimu mfupi hawezi kuheshimiwa.

Umepatia! Nilifuata maneno yako neno kwa neno. Nilimweka mama kwenye stuli karibu na tairi la mbele, nikawasha. Hakumaliza hata kukaa. Akanyoosha kidole: "Kile pale kinapiga mluzi." Kimpira cha nyuma ya kabureta, kina ufa mrefu kama ukucha. Na wala si ufa mpya, kingo zake zimeshika vumbi na grisi mpaka zimekuwa ngumu. Nikamuuliza mama mbona hukuwahi kusema? Akasema mluzi huo anausikia tangu siku uliyotuletea gari, ulipoliegesha hapa mlangoni likiwaka ukasema, "Haya, sikilizeni kazi hiyo." Alidhani magari ya zamani ndivyo yanavyopumua! Tumecheka siku nzima. Na mimi eti niliuzoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Nimeweka kimpira kipya. Mluzi umekwisha kabisa. Ila, Mjomba, sasa hivi hali ni mbaya kuliko mwanzo. Anatetemeka vibaya, ananuka petroli mpaka kwenye nguo, na moshi wake mweusi. Plagi nimezitoa zote nne: nyeusi tititi, zimejaa masizi kama sufuria ya kuni. Nimeziba ufa, gari limezidi kuugua. Inawezekanaje? Nakungoja kwa hamu. Miezi miwili kamili imebaki.

Mpwa wako


25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi sijambo.

Siku thelathini na tano hujanijibu. Kama barua imepotea, hii ni ya pili. Kama umeugua, mkaza mjomba angeandika. Kama umekasirika, niambie nimekosa nini, nitaomba radhi hata kwa jambo nisilolijua.

Jana alikuja fundi mmoja wa kando ya barabara, nilimwita mwenyewe, nakiri. Aliangalia plagi, akaangalia kabureta, akacheka. "Petroli inazidi," kasema. "Vunja hii rangi nikuonyeshe." Bisibisi ilikuwa imeshafika juu ya skrubu. Nilimfukuza. Nilimfukuza na spana mkononi, Mjomba, mbele ya wanafunzi, na mshonaji akasimama mlangoni mwa gari ili yule fundi asirudi. Nikamwambia mahali hapo palipimwa na mtu aliyekuwa akitambua gari kwa kusikia tu kabla yeye hajazaliwa. Akaondoka anatikisa kichwa.

Halafu nikakaa kwenye tairi la akiba, nikalia kidogo. Wiki nne zimebaki hata hazijatimia. Niambie la kufanya.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, mwanangu. Sijaugua. Barua yako ya Aprili haikupotea, iko hapa mezani, imefika mapema kuliko barua zako zote. Wala hujanikosea kitu. Mimi ndiye niliyekosa, na nimekaa mwezi mzima natafuta namna ya kukwambia bila kukwambia. Haipo. Basi ngoja niseme.

Yule fundi wa kando ya barabara alikuwa sahihi. Vunja ile rangi.

Mimi sisikii, mpwa wangu. Sikio la kushoto lilianza kuondoka miaka mitatu iliyopita, la kulia likalifuata kama linaogopa kuachwa peke yake. Siku nilipoipima kabureta yenu nilikuwa nasikia robo, na robo yenyewe kwa kubahatisha. Kile kimpira kilikuwa kikipiga mluzi usoni pangu. Zamani ningekisikia nikiwa barabara ya pili. Sikukisikia. Niliona tu gari linatetemeka, nikaona linakosa petroli, nikaifungua skrubu, nikaifungua tena, nikazidisha petroli ili ifunike ile hewa ya wizi. Gari likatulia kiasi. Nikapaka rangi yangu nyekundu juu ya kosa, nikawaambia mama yako na wewe msikilize kazi. Dada yangu akaisikia kweli, kumbe alikuwa anasikia nisichosikia mimi.

Ndiyo maana ulipoziba ufa hali ikawa mbaya. Hewa ya wizi imekwisha, petroli ya ziada imebaki. Wewe ulifanya sawa. Nimekuchelewesha kwa sababu ya kuona haya. Uliposema umemfukuza mtu na spana kwa ajili ya jina langu, niliweka barua chini nikatoka nje nikazunguka gereji mara tatu. Mpaka sasa sijui kama nilikuwa na furaha au na aibu. Vyote.

Sauti uliyotuma sikuisikia. Mkaza mjomba wako aliniwekea simu sikioni, nikatikisa kichwa, "Ehee, ehee." Alikuwa bado hajaibonyeza. Aliniangalia, akairudisha mfukoni, hakusema neno mpaka leo. Gereji hawajui. Nawatazama midomo. Mteja akija naweka kiganja kwenye madigadi, nafumba macho, wanadhani nasikiliza.

Lakini usidhani mjomba wako amekwisha. Sasa nakufundisha jambo ambalo Sikio wa zamani hakulijua.

Mwaka jana mkaza mjomba wako aliniletea maji ya kunywa nikiwa ndani ya boneti. Nikaiweka glasi juu ya mfuniko wa chujio la hewa, injini inawaka, nikaendelea na skrubu. Nikaona maji yanaruka. Nikageuza robo mzunguko, yakatulia. Nikageuza tena, yakaruka. Mpwa wangu, nilisahau kiu. Tangu siku hiyo sipimi kabureta bila glasi, na hakuna hata moja iliyorudi. Yenu tu ndiyo niliyoipima kabla, nilipokuwa bado najidanganya.

Fanya hivi. Mzungushe Bibi Harusi mpaka apate moto. Zima. Vunja rangi kwa ncha ya kisu. Funga ile skrubu taratibu mpaka igote, usiikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Weka plagi safi. Washa. Glasi iwe ya kioo, maji nusu, katikati ya mfuniko. Tazama maji, usitazame kitu kingine. Mchanganyiko ukiwa mbaya yanaruka ovyo, yanagonga ukingo. Geuza robo mzunguko, hesabu mpaka kumi, tazama. Ukikaribia, yataacha kuruka yatabaki mawimbi madogo ya duara, yote sawasawa. Ukipita yataruka tena, basi rudi. Kisha ile skrubu ya pili, ya mwendo, nayo niliipandisha mno. Ishushe mpaka injini ingurume chini na mawimbi yabaki vilevile. Asubuhi moja inakutosha.

Mtu akikuuliza kwa nini rangi imevunjwa, mwambie ukweli wote ukitaka. Nimechoka kuuficha.

Mjomba wako


22 Juni

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Shikamoo kwa magoti yote mawili, la kwangu na la mama. Mama anakusalimu kwa machozi, kisha akayafuta akasema, "Mjinga yule, angeniambia mimi, mimi si ndiye masikio yake tangu zamani?" Nakuandikia kama alivyosema, sikupunguza.

Barua yako ilinifikia tarehe 12. Niliisoma nikiwa nimeegemea Bibi Harusi, na nilipofika pale kwenye glasi nilikimbia jikoni. Nilivunja rangi kwa kisu cha vitunguu. Ilibanduka kipande kimoja, nimekihifadhi ndani ya kiberiti.

Mwanzoni maji yaliruka mpaka yakanimwagikia. Robo mzunguko. Nikahesabu kumi. Yakaruka kidogo. Robo nyingine. Mama kwenye stuli yake, mshonaji nyuma yangu. Robo ya tano, Mjomba, maji yalitulia. Yakabaki yale mawimbi madogo uliyosema, yanatoka katikati na kufika ukingoni, yote sawasawa. Nilipiga kelele! Mshonaji akadhani nimeungua. Nikashusha ile ya mwendo, na Bibi Harusi akanguruma chini, chini, na hakuzima. Tulikaa tukimtazama nusu saa kama wendawazimu. Hakuzima.

Juzi mkaguzi alikuja. Mtu mrefu, hana tabasamu, ana kalamu tatu mfukoni. Akataka mwanafunzi mmoja aendeshe. Nikamwita mshonaji. Wakazunguka ghala, wakapita njia panda, wakasimama kwenye taa mbili. Kisha akamwamrisha asimame katikati ya uwanja, gari liwake, mguu uondoke kwenye mafuta, akatazama saa yake. Dakika kumi. Mshonaji mikono kapakata, macho mbele, hana samahani hata moja. Injini ilinguruma chini mpaka nikasikia kalamu ya mkaguzi ikiandika.

Kisha akafungua boneti. Akainama palepale. "Hii rangi naijua," kasema. "Ya Sikio. Miaka yote ya kazi yangu sijaiona imevunjwa. Nani kaivunja?"

Nikasema, "Ni mimi. Kwa amri yake. Masikio yake yameondoka, na hilo halikumshinda. Amevumbua njia ya kupima kwa macho, na kanifundisha kwa barua." Nikachukua glasi nikamwonyesha. Mjomba, yule mtu aliinama juu ya maji yale akakaa muda mrefu. Akaniambia nigeuze skrubu aone yakiruka. Nikageuza. Akaniambia niirudishe. Nikarudisha. Akatoa kalamu ya nne, kumbe anayo na ya nne, akaweka sahihi.

Nimepata kibali! Mshonaji alishuka garini akaucheza uwanja mzima na tope lake.

Sasa lipo swali. Skrubu iko wazi, haina alama. Mama anasema nipake rangi yangu, bluu, ijulikane kazi ya nani. Ninayo kichupa tayari, lakini sikutaka kupaka kabla hujasema. Na Jumamosi ya tarehe 11 Julai tunakuja, mimi, mama, na Bibi Harusi mwenyewe. Nitapiga honi nikifika getini. Samahani. Nimeandika bila kufikiri, na wino haufutiki. Niambie nifanyeje nikifika.

Mpwa wako, mwalimu mwenye kibali


1 Julai

Mwalimu mwenye kibali,

Marahaba, marahaba, na dada yangu mwambie tusi lake nimelipokea, limenikalia vizuri. Mkaza mjomba wako ameshaanza kufua mashuka ya wageni. Barua yako safari hii nilimpa yeye aisome kwa sauti mbele ya mafundi wangu, nami nikitazama nyuso zao. Ndivyo walivyojua. Nilitegemea huruma, wala sikuipata. Mdogo wao kabisa akauliza, "Kwa hiyo bosi, matusi yetu yote miaka mitatu hukuyasikia?" Tulicheka mpaka kazi ikasimama. Sasa kila mmoja anayo glasi yake, na chai tunanywea vikombe vya bati.

Usipake rangi, wala bluu wala nyingine. Rangi yangu ndiyo iliyokuchelewesha miezi minne. Skrubu iache wazi, na akija mwenye jicho zuri kuliko lako, mpe bisibisi.

Kuhusu kufika. Honi usijisumbue. Meza yangu ya kufanyia kazi iko chini ya dirisha la mbele, na juu yake pana glasi ya maji siku zote. Lori likipita nje naona maji yanacheza, najua kuna mtu. Mlete Bibi Harusi mpaka ukutani, usimzime, nami nitatazama glasi.

Lakini nimelifikiria hilo jana, nikaona lina kasoro. Ukiwa umempima vizuri kama ulivyosema, maji hayatatikisika hata kidogo, nami sitajua kama mmefika.

Basi ingia tu, mwanangu. Uniguse bega.

Mjomba wako